Kinu cha Winchester na Wenyewe

Treni kutoka Waterloo, London, hadi Winchester huchukua kama saa moja. Nilishuka saa nne asubuhi, nikateremka mtaa mkuu huku manyunyu yakinilowesha, nikaipita sanamu ya Mfalme Alfred aliyeinua upanga. Mto Itchen niliusikia kabla sijauona. Kinu kimejengwa juu ya maji yenyewe, na ukiwa ndani unasikia mngurumo ukipita chini ya miguu.

Nasema kinu, ila usifikirie kinu na mchi. Hiki ni babu wa zile mashine tulizopangia foleni na debe la mahindi kichwani: maji yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha jiwe juu ya jiwe, ngano inatoka unga.

Nilifuata mawe, nikanaswa na habari za waliokimiliki. Mwaka 1086, watu wa Mfalme William walipoandikisha mali za Uingereza, kinu cha mahali hapa kilikuwa cha masista wa Wherwell. Karne kwa karne walikula kodi yake, mpaka Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa. Yao ilifungwa 1539, kinu kikaenda kwa mfalme. Bintiye, Malkia Mary, ndiye aliyekitoa. Julai 1554 aliolewa na Philip wa Hispania katika kanisa kuu la mji huu, na gharama za harusi ya kifalme ziliubana mji. Malkia akaufuta jasho kwa kuupa kinu. Nilicheka peke yangu. Michango ya harusi naijua sana. Ya kurudishiwa kinu sijapata kuisikia.

Mji nao haukusaga, ulipangisha. Jengo la sasa lilijengwa upya miaka ya 1740 na mpangaji, James Cooke. Tangu masista hadi madiwani, sidhani kama kuna mwenye mali aliyepakaa unga.

Mwaka 1820 mji ulimuuzia John Benham, na ukoo wake ukakaa nacho hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia wakati huo vinu vya chuma vilikuwa vimeshawanyang'anya wasagaji wadogo riziki. Vita Kuu ya Kwanza ikakikuta kikitumika kufulia nguo. Mwaka 1928 kilitangazwa kuuzwa, kikawa hatarini kubomolewa. Wasamaria wakachanga, wakakinunua na kuwakabidhi National Trust, shirika la hisani linalohifadhi majengo ya kale. Kuanzia 1931 kikawa hosteli ya vijana. Mawe yalirudi kusaga 2004.

Mzee mmoja anayejitolea pale, nyusi zimejaa unga, alinifungia mfuko. Jioni, kwa dada yangu Southampton, nikapika chapati. Ngano ile haijakobolewa, pumba zote zimo. Chapati zikatoka za kahawia, hazikunjiki. Shemeji alikula moja kwa heshima, kisha akauliza kama ule unga mweupe umeisha.