Orodha ya waathirika wa mafuriko: ninavyoiandaa kijijini

Msaada wa Serikali hufuata orodha, na orodha hiyo huanzia kwa mtendaji wa kijiji. Huku Kyela, mkoani Mbeya, mvua za masika zikikolea milima ya Rungwe, mito kama Mbaka na Kiwira hufurika na maji kuingia hadi jikoni. Orodha yangu ya kwanza ilirudishwa. Niliiandika kwa nyumba, wapangaji wote wakakosekana. Mama mmoja akaniuliza, "Mtendaji, kwani sisi wapangaji hatuli?"

Tangu hapo naandika kwa kaya, yaani watu wanaokula chungu kimoja. Mzee mwenye wake wawili wanaopika mbalimbali, hizo ni kaya mbili. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzuka, kwa hiyo napita na mwenyekiti wa kitongoji, maana yeye anajua nani anapika wapi. Natumia penseli. Karatasi ikilowa, wino hutapakaa na majina hayasomeki tena.

Kila mstari una jina la mkuu wa kaya, simu, idadi ya watu, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye ulemavu. Kisha hali ya nyumba: imeanguka yote, imebomoka upande, au imeingia maji tu. Usichanganye hizi tatu. Ukiandika "imeharibika" kwa wote, aliyelala shuleni na aliyekausha sakafu jioni ileile wataonekana sawa. Chakula kilichosalia nakiandika kwa debe, baada ya kukiona kwa macho.

Orodha hupita kamati ya maafa ya kijiji, ikaenda kwa mtendaji wa kata, kisha kamati ya wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya. Mahitaji yakizidi uwezo wa wilaya, hupanda mkoani hadi Ofisi ya Waziri Mkuu, na mahindi yanaweza kutolewa kwenye maghala ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula. Usiombe "chakula cha kutosha". Omba kwa hesabu. Mimi hukadiria gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, sawa na kilo 12 kwa mwezi. Watu 250 wanahitaji kilo 3,000, yaani magunia 60 ya kilo 50.

Jambo linalosahaulika ni mashine. Mahindi huja punje, na mashine ya kijiji huenda nayo imeingia maji au umeme umekatika. Kaya isiyo na hela ya kusaga itauza nusu ya mgao ili isage nusu nyingine, na hilo linaniuma kila mara. Gharama ya kusaga naiweka kwenye barua ileile ya maombi.

Siku ya kugawa, majina yanasomwa kwa sauti mbele ya ofisi. Anayepokea anatia sahihi au dole gumba, mzani ukiwa mezani. Magunia yaliyobaki yanahesabiwa na kuandikwa hapohapo, watu wakiwa bado wamesimama, kabla stoo haijafungwa.