Skana ya vitabu ya mbao, kioo na simu: ninavyofanya hapa Tanga

Kitabu cha zamani kilichokaa mwambao hakifai kulazwa kifudifudi juu ya skana ya ofisini. Gundi ya mgongo imeshakauka, na ukikikandamiza kifunguke chote kinaachia kurasa. Ndiyo maana skana ninayotumia nyumbani ina umbo la herufi L: ukurasa mmoja unalala juu ya ubao, nusu ya pili ya kitabu inaegemea ubao uliosimama kwa nyuzi 100 hivi, na simu moja inatazama chini kutoka juu. Zipo za umbo la V zenye kamera mbili. Zinakwenda mbio zaidi, lakini zinataka kamera zinazofanana na seremala mwenye subira.

Mbao ni plaiwudi ya milimita 18: ya chini sentimita 45 kwa 40, ya kusimama 40 kwa 30. Mafundi wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, hawakosi mabaki ya kiasi hicho. Nyuma ya ubao uliosimama funga mguu wa mbao ya inchi mbili kwa mbili, na juu yake mkono wa kubebea simu, wenye tundu la sentimita 3 la kamera. Mkono ufungwe kwa boliti na nati ya kukaza kwa vidole, maana utaupandisha na kuushusha. Mbao zote zipakwe rangi nyeusi isiyong'aa.

Kioo ni cha milimita 4, sentimita 25 kwa 35. Kina uzito wa karibu gramu 900, unaotosha kunyoosha karatasi iliyojikunja bila kuumiza mgongo. Mwambie fundi vioo asage kingo zote, hasa ule utakaoingia kwenye mkunjo wa kitabu. Plastiki ngumu inayopitisha mwanga ni nyepesi, lakini inachubuka upesi na ukiifuta inavuta vumbi na karatasi pamoja.

Kuhusu simu, watu huhangaika bure. Kamera ya kawaida ya megapikseli 12, ikiwa sentimita 25 juu ya kioo, inachukua eneo la karibu sentimita 34 kwa 25, yaani ukurasa wa A4 na nafasi kidogo, kwa nukta zinazokaribia 300 kwa inchi. Hiyo inatosha kusomwa na kompyuta. Usivute picha karibu kwa vidole, wala usitumie lenzi pana. Ninatumia programu ya bure ya Open Camera kwa sababu inaniruhusu kufunga fokasi, mwanga na rangi visibadilikebadilike kila ukurasa. Hedfoni za waya zinakuwa kitufe cha kupigia picha: bonyeza cha sauti, simu haitikisiki.

Kazi kubwa iko kwenye mwanga. Taa mbili za LED nyeupe za aina moja, wati 9 kila moja, moja upande wa kichwa cha ukurasa na nyingine upande wa miguu, kwa kimo cha simu, sentimita 40 kutoka katikati. Ukizisogeza ndani zaidi, mng'ao wake unaonekana kwenye kioo na unafuta mistari mitatu minne ya maandishi. Njia ya kujua ni kulaza kioo cha kujitazamia mahali pa ukurasa na kuangalia skrini: ukiiona taa, isogeze nje. Kioo hichohicho kinapima usawa wa simu. Taswira ya lenzi ikiwa katikati kabisa ya skrini, simu imelala sambamba na ukurasa. Ikikaa pembeni, herufi za upande mmoja zitatoka kubwa kuliko za upande wa pili.

Kuna kitu kingine kinachosumbua hata ukishapanga taa vizuri: kivuli cha maandishi kama ya mzimu, karibu na mkunjo, yamegeuzwa. Huo ni ukurasa wa pili ulioegemea ubao. Unapata mwanga na kujiakisi kwenye kioo. Ufunike kwa manila nyeusi kila unapopiga. Simu nayo hujiakisi katikati, kwa hiyo ivalishe kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi.

Ukiona mistari myeusi inakatiza picha, kosa ni la taa za bei rahisi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya kamera 1/50 au 1/100 ya sekunde, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, na mistari itaondoka. Fanya kazi usiku, dirisha limefungwa pazia, feni imezimwa. Vitabu vyenye pini za stepla zilizopiga kutu ving'olewe pini kwanza, na vyenye unyevu wa masika vikaushwe kivulini penye hewa. Jua hukunja majalada na kufifisha wino.

Piga kwanza kurasa zote za kulia. Karatasi 100 za kawaida zina unene wa sentimita moja, kwa hiyo kadiri unavyofunua, ukurasa unashuka na kukimbia fokasi. Kila baada ya karatasi 50 weka kadibodi ya nusu sentimita chini ya kitabu. Ukimaliza, zungusha kitabu kichwa kiwe miguuni, kisha piga za kushoto. Hizi zitatoka kichwa chini na kwa mpangilio wa kurudi nyuma: 200, 198, 196. Zigeuze na kuzipa namba kwa kinyume kabla ya kuzichanganya na za kulia. Idadi ya picha za pande mbili lazima ilingane. Isipolingana, tafuta karatasi mbili zilizoshikana.

Picha ya kwanza piga ukiwa umeweka rula pembeni. Kama sentimita 10 za rula zinachukua pikseli 1,150, gawanya kwa 10 na uzidishe kwa 2.54: nukta 292 kwa inchi. Ijaze namba hiyo kwenye ScanTailor, programu ya kompyuta ya kusafisha picha za kurasa, maana ile inayoandikwa na simu si ya kweli. ScanTailor itanyoosha, itakata pambizo na kutoa maandishi meusi kwenye weupe. Kisafisha madoa kiwe cha chini kabisa au kizimwe. Kikiwa cha juu kinafagia nukta za mwisho wa sentensi na kile kialama cha ng', na ng'ombe anabaki ngombe kitabu kizima.

Kusomesha maandishi natumia ocrmypdf, programu inayoyatambua maandishi ya picha na kuyaweka kwenye PDF, kwa lugha ya swa, yaani Kiswahili, au swa+eng kitabu kikichanganya Kiswahili na Kiingereza. Hakimiliki kwetu hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo PDF ya kitabu ambacho muda wake haujaisha haiingii kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kasida na barua zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilizojaa majumbani Tanga hii, zisipitishwe huko. Swa inajua herufi za Kilatini tu, na lugha ya Kiarabu ya programu hiyohiyo huchanganyikiwa na mwandiko wa mkono. Zipige kwa rangi, usizigeuze nyeusi na nyeupe, kwa sababu wino mwekundu wa vichwa vya beti na maelezo ya pambizoni hufifia au hupotea kabisa.