Tulipoenda Karen na shangazi

Jumamosi nilimpeleka shangazi kwenye nyumba ya Karen Blixen, Nairobi, ambayo sasa ni makumbusho. Blixen alikuwa mwandishi kutoka Denmark aliyelima kahawa hapa. Ndani hatukukaa sana. Ni nyumba nzuri ya mawe, ya mwaka 1912, lakini mimi napenda bustani yake: nyasi pana, miti mikubwa, na vilima vya Ngong vikionekana kwa mbali.

Shangazi amechuma kahawa Nyeri tangu utotoni. Alipoona mitambo ya zamani ya kahawa alikwenda moja kwa moja, akapitisha kidole kwenye chuma chenye kutu. "Mbona shamba lilikufa, mwanangu?"

Nikamweleza. Kahawa ilikuwa takriban ekari 600, ila huku ni juu mno, baridi kali, udongo una asidi. Mwaka 1923 kiwanda kikaungua, na 1931 Blixen akarudi Denmark.

"Na wachumaji?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Familia za Wakikuyu zilizoishi pale zilitakiwa kuhama, na Blixen aliwaombea serikalini ardhi ili wasitawanyishwe. Ningependa kila mgeni asimuliwe habari zao kwanza, kabla ya kuonyeshwa vyombo vya mezani.