Kwa treni nyuma ya Gerd Müller: Nördlingen hadi Fröttmaning

Kufuata nyayo za Gerd Müller, mfungaji mabao wa Bayern Munich na Ujerumani Magharibi, niliondoka stesheni kuu ya Munich baada tu ya saa tatu asubuhi, na saa hiyo ina sababu. Bayern-Ticket, tiketi ya siku nzima ya jimbo la Bavaria, siku za kazi haianzi kutumika kabla ya saa tatu. Tena ni ya treni za mkoa tu. Ukijisahau ukapanda ICE, treni ya mwendo kasi, kwa sababu nayo inapita Donauwörth, kondakta atakuandikia faini kuanzia yuro 60. Donauwörth ndipo unapobadilisha treni kuelekea Nördlingen, na mpaka ufike umekula karibu saa mbili. Kabla ya kuketi, soma kibao cha behewa: treni za mkoa za huku nyingine hukatwa vipande viwili njiani, na aliyekaa nusu isiyo yake huzinduka kashafika mji mwingine.

Nördlingen ni mji wa mviringo, umekaa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo miaka kama milioni 15 iliyopita. Ukuta wake wa kale una kilomita 2.7 na unaweza kuuzunguka wote kwa miguu juu kwa juu, chini ya paa. Mnara wa kanisa la Mtakatifu Georg, wenyewe wanauita Daniel, una ngazi 350. Panda asubuhi magoti yakiwa bado na nguvu. Uwanja wa klabu ya mpira ya mji, TSV 1861, uko nje ya ukuta, na tangu 2008 unaitwa Gerd-Müller-Stadion. Usitarajie makubwa. Ni uwanja wa mji mdogo, na ndivyo ulivyopaswa kuwa.

Müller alizaliwa hapa tarehe 3 Novemba 1945, akajifunza kazi ya ufumaji wa nguo. Kwa Kiswahili utani unajitunga wenyewe: mfumaji akawa mfumania nyavu. Mwaka 1964 klabu kubwa ya Munich ilikuwa ile iitwayo TSV 1860, wala si Bayern. Zote mbili zilimtaka, Bayern wakatangulia kubisha hodi. Bayern wenyewe walikuwa daraja la pili, na kocha wao, Zlatko Čajkovski, hakupendezwa na alichokiona: kijana mfupi, mapaja manene kama ya mnyanyua vyuma. Alimwanzishia benchi. Alipomwachia nafasi mabao yakamiminika, na 1965 Bayern wakapanda Bundesliga.

Kurudi Munich, kituo cha pili ni Giesing. Panda U1, treni ya chini ya ardhi, shuka Wettersteinplatz, na uwanja wa Grünwalder Straße uko hatua chache tu. Bayern walicheza hapo hadi 1972. Leo mtaa ni wa bluu ya klabu ya 1860, kwa hiyo siku ya mechi yao jezi nyekundu iache hotelini. Müller alirudi Bayern kwa mlango mwingine: baada ya miaka ya Fort Lauderdale kule Florida na ulevi uliomfuata, wenzake wa zamani, Uli Hoeness na Franz Beckenbauer wakiwemo, walimpeleka kutibiwa, kisha Bayern ikampa kazi ya ukocha kwa vijana na timu ya pili.

Uwanja wa Olimpiki unaufikia kwa U3, kituo cha Olympiazentrum. Ulifunguliwa kwa mpira tarehe 26 Mei 1972, Ujerumani Magharibi 4, Umoja wa Kisovyeti 1, na yote manne yalikuwa ya Müller. Lakini bao linalomleta mtu hapa ni la 7 Julai 1974, fainali ya Kombe la Dunia na Uholanzi, dakika ya 43.

Kaa jukwaani ulitazame kwa macho ya akilini. Rainer Bonhof anapenya kulia, anarudisha pasi ya chini ndani ya boksi. Müller amekimbia mno kwenda mbele, na mpira unapomgusa mguu unarudi nyuma yake. Straika mrefu hapo angekuwa amekwisha, maana kumzungusha mtu wa kimo kile kunataka nafasi na muda. Müller alikuwa na mita 1.76 na uzito wote chini ya kiuno: akapiga breki, akarudi hatua, akageuka, akapiga kwa kulia. Shuti lenyewe ni dhaifu, linatambaa. Udhaifu huo ndio uliomuua kipa Jongbloed, aliyekaa kungoja kitu kingine. 2–1, kombe. Lilikuwa bao lake la 68 katika mechi 62, na la mwisho kwa timu ya taifa, maana usiku uleule alitangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 28.

Mwisho wa njia ni U6, kituo cha Fröttmaning, kisha robo saa ya kutembea uwandani hadi Allianz Arena. Upepo hauna kizuizi hapo, chukua koti hata mwezi wa tano. Nje ya uwanja kuna sanamu yake, iliyozinduliwa 2023. Makumbusho ya klabu yamo ndani ya uwanja. Siku ya mechi usiende bila kuangalia ratiba kwanza.

Humu ndimo rekodi yake ya Bundesliga, mabao 40 ya msimu mmoja wa 1971/72, ilipovunjwa, tarehe 22 Mei 2021. Robert Lewandowski, straika wa Bayern wakati huo, alifunga la 41 dhidi ya Augsburg dakika ya 90. Wiki moja kabla, alipoifikia tu ile 40 kule Freiburg, alifunua fulana yenye picha ya Müller. Mzee mwenyewe alikuwa ameshachukuliwa na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akafariki 15 Agosti mwaka huohuo. Lewandowski aliondoka Ujerumani 2022 akiwa na mabao 312 ya Bundesliga. Müller ana 365, katika mechi 427.