Kufuta sheria iliyokufa

Mwaka 2013 Bunge la Uingereza lilifuta sheria 817 zisizotumika tena kwa mpigo, zikiwemo 38 za kampuni za reli za India ya kikoloni. Kufuta kwenyewe ni mstari mmoja tu kwenye jedwali la sheria mpya inayofuta. Kibarua kiko kabla ya hapo: kusaka kila sheria inayoitaja ile unayoifuta, na kila kanuni iliyotungwa chini yake. Ukizisahau kanuni bila kifungu cha mpito, yaani kinachoziacha ziendelee kutumika, zinaweza kuanguka pamoja na sheria mama, hata zile zinazotumika kila siku. Hapo ndipo wengi huteleza.

Kwa Kenya, kifungu cha 23 cha Sura ya 2, sheria ya jinsi ya kutafsiri sheria nyingine, hulinda haki zilizokwishapatikana na kesi zinazoendelea. Lakini ukifuta sheria iliyofuta nyingine, ile ya zamani haifufuki yenyewe.