Vile nilijitengenezea turubai ya kitambaa hapa Kisumu

Nauza mtumba ya watoto soko la Kibuye, meza yangu iko ule upande wa nje hakuna mabati, kwa hivyo kila kitu kinategemea turubai. Wenye wamekaa Kisumu wanajua mvua ya hapa, jua linachoma mpaka saa tisa hivi, alafu upepo unageuka, wingu linakuwa jeusi, na kabla ukunje nguo mbili tayari inamwagika. Ile turubai ya plastiki ya buluu kila mtu anatumia nimenunua sijui mara ngapi. Na jua ndilo linaimaliza. Inaanza kutoa unga unga na nyuzi, ukiikunja inapasuka pale kwa mkunjo, miezi minne mitano huna kitu. Mwaka jana mwezi wa nne yangu ilipasuka katikati na beli, ule mzigo wa mtumba, nilikuwa nimefungua asubuhi hiyo hiyo, nguo zikalowa zote, sweta nyeupe zikashika rangi ya zile nyekundu. Siku hiyo nililia.

Kuna mzee hushona hema na viti vya matatu karibu na sisi, nikamwendea nikamwambia mzee wangu nisaidie, hakuna kitambaa chenye kinaweza vumilia hii jua na hii mvua? Akaniambia, "Mama, nunua kanvasi ya pamba, ile nzito, uipake mafuta mwenyewe. Sisi zamani tulikuwa tunafanya hivyo." Mafuta yenyewe ni ya linsidi, yale mafundi wa mbao wanapaka milango. Mabaharia wa Ulaya pia walikuwa wanapaka hayo kwa kitambaa cha tanga wakishona makoti ya mvua.

Nikaenda hadwea nikaitisha linsidi, hakuna mtu aliniambia kuna aina mbili. Iko mbichi na iko ile wanaita ya kuchemshwa, yenye imewekwa dawa ya kuharakisha kukauka. Mimi nilibeba mbichi. Nikapaka, tena nikapaka nyingi juu nilidhani ikijaa ndio maji haitapita, na ilikuwa msimu wa mvua hakuna jua la kutosha. Wiki tatu kitambaa bado kinanata, vumbi lote la Kibuye limeshika hapo, rangi imekuwa ya manjano manjano. Siwezi weka hiyo juu ya nguo za mtoto.

Lakini chenye kilinitisha ni matambara. Nilikuwa nafuta mafuta na vitambaa vikuukuu, nikamaliza nikavirundika kwa karai ya plastiki nyuma ya mlango, nikaenda kupika. Baadaye nikasikia harufu kama ya mafuta yameungua kwa sufuria. Nikaingiza mkono katikati ya ile rundo, ilikuwa moto, moto kabisa, na hakuna jiko karibu. Nikamwagia maji nikatupa nje. Mzee ndiye alinieleza, haya mafuta hayakauki kama maji ya kuanika, yanashika hewa ndio yanakuwa magumu, na wakati yanashika hewa yanatoa joto, sasa ukirundika joto halina pa kutokea mpaka matambara yanawaka yenyewe. Tafadhali mkitumia linsidi tandazeni kila tambara peke yake nje likauke, ama mtumbukize kwa maji. Nyumba zetu zimeshikana, moja ikishika zote zinaenda.

Ile kitambaa ya kwanza niliipeleka nyumbani Siaya, inafunika kuni, na kwa hiyo kazi iko sawa.

Mara ya pili nikatumia silikoni, ile ya mrija ya kuziba kando ya sinki na madirisha. Soma kwa mrija, iandikwe silikoni tupu, kwa sababu iko ingine inafanana nayo ya akriliki yenye inachanganyika na maji, hiyo haitayeyuka. Nilinunua pia wait spiriti, ile ya kusafisha brashi za rangi. Mrija mmoja wa mililita 300 niliweka kwa lita moja na nusu ya spiriti, lakini usimwage yote mara moja, unatia silikoni kwa mkebe, unaongeza spiriti kidogo kidogo ukikoroga na kijiti mpaka madonge yaishe na ikae kama maziwa. Mkono uliuma. Fanyia nje kwa upepo, watoto wakae mbali, na hakuna jiko wala sigara, hiyo kitu inashika moto haraka.

Kabla ya hapo kanvasi nilikuwa nimeifua na maji moto na sabuni mara mbili ikarudi yote yenye ingerudi, kwa sababu mpya huwa na wanga ya kiwandani na dawa ikikalia hiyo wanga haiingii kwa nyuzi. Nikamalizia kushona na kuweka ringi za kamba, alafu nikaandika namba ya meza na rangi. Hiyo lazima itangulie, silikoni ikikauka rangi haikubali kushika tena.

Nikaifunga ikavutika kwa miti miwili, nikapaka kidogo sana nikisugua na brashi iingie, penye imezidi nafuta. Harufu ya siki inatoka, ni kawaida. Silikoni inakaukia unyevu wa hewa, na unyevu Kisumu uko, kesho yake ilikuwa kavu nikapaka mara ya pili upande wa juu peke yake. Kwa mshono nilipitisha silikoni yenyewe bila spiriti, na kidole chenye kimelowa maji ya sabuni, kwa sababu maji hupenda kuingilia yale matundu ya sindano.

Nikajaribu kwanza na kipande. Nilikifunga juu ya karai kikabonyea kama bakuli, chini nikaweka gazeti, nikamwaga kikombe cha maji jioni. Asubuhi maji yako pale pale yamekaa kama jicho la samaki, na gazeti kavu. Nilimwamsha bwana yangu aje aone.

Sasa imemaliza mwaka na miezi miwili, imepigwa hata na mvua ya mawe. Ni nzito kuliko plastiki, hiyo ni kweli, na usiku nikifunika beli naacha nafasi pembeni hewa ipite, nisipoacha nguo zinapata harufu ya ukungu. Kona moja yenye inasuguana na mti imeanza kulowa, nitaipaka tena hiyo kona tu. Mama wa omena wa meza ya pili ameshanunua kanvasi yake, mita mbili na nusu kwa tatu, iko kwangu inaanikwa baada ya kufuliwa, Jumatatu tunapaka.