Nilivyoweza kuishi na paka mwenye damu ya mondo

Nianze na mkojo, maana ndo kitu kinachowashinda watu wengi wenye hawa paka chotara. Paka wangu Shani ni Savannah, chotara wa mondo na paka wa nyumbani, wa F2, yaani kizazi cha pili toka kwa mondo, babu yake mzaa mama ni mondo kabisa, yule wa porini mwenye miguu mirefu na masikio makubwa, na mimi nlimchukua akiwa mkubwa tayari kutoka kwa mtu aliyekua ameshamchoka. Mwanzoni alikua anarusha mkojo kila mahali, pazia, begi la mgeni, mlango wa chumbani. Na sio kuchuchumaa, hapana, anageuka, mkia unasimama unatetemeka, afu anarusha kwa nyuma ukutani usawa wa goti, ukiona mkia unatetemeka ujue ushachelewa. Kuhasiwa alishahasiwa, kwaiyo hilo peke yake halikutosha.

Cha kwanza nlimpeleka kwa daktari wa wanyama apimwe mkojo, sababu paka mwenye shida ya kibofu nae anakojoa ovyo na ukimgombeza unamuonea tu mgonjwa. Hapo penyewe sio rahisi, kuna madaktari hawataki kuwashika hawa paka, na siwalaumu, hata Marekani ambako wako wengi hakuna chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoidhinishwa rasmi kwa chotara. Tafuta daktari kabla hujaleta paka, jamani, sio baada.

Vipimo vikatoka safi, kwaiyo ilikua ni kuweka alama za mipaka. Nikaanza kumfatilia nikagundua anarusha zaidi akiona paka wa nje kupitia dirishani, nikaziba vioo sehemu ya chini na kule kurusha kukapungua mno. Kusafisha nikaacha kabisa dawa zenye amonia, zinanukia kama mkojo wenyewe, ni sawa na kumwambia rudia hapa hapa, nikahamia zile za enzaimu zinazovunja mkojo hadi harufu inaisha. Masanduku ya mchanga nikaweka zaidi ya moja, makubwa, yasiyo na kifuniko, mana haya ya kawaida yalikua hayamtoshi. Na kumpiga au kumkaripia usithubutu, akiogopa ndo anarusha zaidi. Haijaisha asilimia mia, akija mgeni na mbwa wake bado anaweka alama, ila nyumba hainuki tena.

Lakini kitu kilichombadilisha kweli ni kuwinda. Huyu mnyama ana nguvu ambazo hazina pa kwenda, ukimwacha hivo hivo anafungua kabati, anafungua milango ya kitasa cha kushusha (nimebadilisha vyote nikaweka vya kuzungusha), anaingia na miguu yote kwenye chombo cha maji na kuzamisha vitu vyake humo. Kwaiyo kila jioni nafunga kipande cha ngozi kwenye kamba ndefu nakiburuta nyuma ya vitu asikione, asikie tu. Anasimama kimya kabisa, masikio yanazunguka kila moja na upande wake, kichwa kinainama kidogo, afu anaruka juu wima na kutua na miguu ya mbele miwili kwa pamoja, vilevile mondo anavyopiga panya kwenye nyasi ndefu. Namwacha akamate kweli, na mwisho lazima apate nyama, hapo anakula, anajilamba, analala, usiku unapita bila fujo. Zile taa za leza sizipendi hata kidogo, anafukuza kitu asichoweza kukikamata na anabaki na hasira.

Kuhusu nyama, usimpe nyama tupu ukidhani ndo porini. Mondo porini anakula mawindo mazima na mifupa yake na maini, nyama peke yake haina kalsiamu ya kutosha na mifupa inalegea, na akikosa taurini, kirutubisho muhimu kwa paka, anaweza kupata ugonjwa wa moyo au kupofuka. Mi mpangilio wote wa chakula umepitiwa na daktari.

Nje anatoka kwenye banda la waya lenye paa. Paa ni lazima, Savannah anaweza kuruka mita 2 na zaidi akiwa amesimama tu, ukuta kwake sio kizuizi, na nimeweka milango miwili, wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe.

Sheria cheki mapema sana. Uingereza F1, yaani kizazi cha kwanza ambaye mzazi mmoja ni mondo, anahitaji leseni chini ya sheria ya wanyama hatari ya 1976, Australia ilizuia Savannah wasiingizwe tangu 2008, Marekani kila jimbo na lake, Georgia hawaruhusu, jimbo la New York wanakubali kuanzia F5, kizazi cha tano. Ukikamatwa nae pasiporuhusiwa anaeumia ni paka.

Na kuzalisha F1 mimi siungi mkono kabisa. Mondo dume anaweza kufika kilo 18, paka wa nyumbani ana kilo 4 au 5, jike anaweza kuumizwa vibaya au kuuawa, na mimba ya mondo ni siku 74 hivi wakati ya paka wa kawaida ni kama 65, kwaiyo vitoto vingi vinazaliwa kabla ya wakati. Madume yanayotoka humo ni tasa vizazi kadhaa. Yote hayo kwa ajili ya madoa mazuri? Kama moyo umependa kweli, chukua aliyeachwa, wapo wengi na wengi ni wakubwa tayari kama alivyokua Shani.

Saivi ninachoshughulikia ni nani atamchukua nikipatwa na kitu, mana hawa wanaweza kuishi miaka 15 mpaka 20 na vituo vingi vya wanyama havipokei chotara. Ndugu yangu mmoja amekubali, anakuja kila wikendi kumchezesha ile kamba, na wiki iliyopita Shani alikula mkononi kwake kwa mara ya kwanza.